Kiingereza cha Kazi: Soma Tangazo, Andika Barua, Elewa Mkataba

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Hata hivyo, mkazi wa Dandora anayetafuta kazi anajua hali ilivyo. Tangazo la kazi huja kwa Kiingereza. Barua ya maombi inatakiwa kwa Kiingereza. Mahojiano ni kwa Kiingereza, na ukibahatika, unapewa mkataba wa kurasa kadhaa za Kiingereza na kalamu ya kutia sahihi.

Somo hili halikusudii kukufanya uzungumze kama msomaji wa habari. Wala halidharau Sheng, ambayo ni mali ya mitaa yetu ya Eastlands. Linakusudia jambo moja: uwe na Kiingereza kidogo kilicho sahihi, kinachotosha kukuvusha hatua tatu, yaani tangazo, barua na mkataba. Katika kila hatua kuna maneno machache yanayoamua. Usipoyaelewa, unaweza kukosa nafasi uliyostahili au kupoteza haki uliyopewa na sheria.

Wazee wa Dandora wanakumbuka mtaa huu ulivyoanza. Mradi ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uligawa ploti zipatazo 6,000 zenye maji, njia ya maji taka, choo na bafu. Nyumba yenyewe kila mtu alijijengea, chumba baada ya chumba, kadiri alivyopata pesa. Kiingereza cha kazi hujengwa vivyo hivyo. Anza na kile cha lazima, kisha uongeze.

1. MANENO YA TANGAZO

Matangazo ya kazi za umma, yakiwemo ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, hutumia maneno yale yale kila mara. Ukiyajua mara moja, umeyajua daima.

"Vacancy" ni nafasi ya kazi iliyo wazi.

"Must", "required" na "at least" huonyesha sharti. Ukiona "at least two years' experience", usiombe ukiwa na miezi mitatu.

"An added advantage" si sharti. Ni kitu kitakachokuongezea alama ukiwa nacho. Vijana wengi huacha kuomba kazi kwa kuona maneno "computer skills will be an added advantage" wakidhani wamefungiwa mlango. Hawakufungiwa. Omba.

"Or its equivalent" maana yake cheti kingine cha kiwango kile kile kinakubaliwa.

"Referees" si marefa wa mpira. Ni watu wanaokufahamu vizuri na wanaoweza kuulizwa kuhusu kazi na tabia yako: mwalimu, mwajiri wa zamani, kiongozi wa dini au wa kikundi. Waombe ruhusa kabla ya kuandika majina yao, na uwaambie ni kazi gani unayoomba.

"Testimonials" ni karatasi zinazokushuhudia, kama vile barua kutoka kwa waajiri wa zamani.

"On or before" huambatana na tarehe. Ukisoma "so as to reach us on or before 14th March", barua inatakiwa iwe imefika kufikia siku hiyo. Kuituma siku hiyo jioni hakutoshi.

"Only shortlisted candidates will be contacted" maana yake watakaopigiwa simu au kuandikiwa ni waliochaguliwa kwa mahojiano tu. Wengine hawatajibiwa.

"Canvassing will lead to disqualification" ni onyo. "Canvassing" ni kutafuta kupendelewa: kumtuma mjomba, kumpigia mkubwa simu, kutoa chochote ili jina lipite. Mtu anayekuomba pesa ili "akusukumie" faili anakula pesa zako na pia anakuweka katika hatari ya kuondolewa kwenye orodha.

Angalia pia saa. Mahojiano ya "9.00 a.m." ni saa tatu asubuhi, na "2.00 p.m." ni saa nane mchana. Ukiambiwa saa kwa simu, rudia kwa Kiingereza ili kuhakikisha: "Is that nine o'clock in the morning?"

2. BARUA FUPI HUSHINDA BARUA NDEFU

Wengi wetu tulifunzwa kwamba barua ya kazi ni lazima iwe na maneno mazito. Matokeo yake ni barua kama hii:

"Am humbly writing to apply for any job in your esteemed organization. Am a hardworking and God-fearing youth who can be able to do any work under pressure. I will be grateful if my humble request meets your kind consideration."

Anayesoma barua mia moja siku hiyo hajaambiwa chochote. Hajui ni kazi gani inayoombwa, mwombaji amewahi kufanya nini, wala anaishi wapi. "Any job" ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa kuwa hakuna ofisi iliyotangaza nafasi ya kazi yoyote.

Sasa soma hii:

"I am applying for the position of Store Clerk, advertised on 3rd March. For two years I have kept the stock book at a hardware shop in Kariobangi. I record deliveries every morning and count the stock every Friday. I completed Form Four in 2021 and I live in Dandora Phase 4. I can start work immediately."

Sentensi tano, hakuna neno gumu hata moja. Kila sentensi inajibu swali: unaomba nini, umefanya nini, unafanyaje, umesoma wapi ulipofika, uko tayari lini.

Ukianza na "Dear Sir/Madam", malizia kwa "Yours faithfully". Ukianza kwa jina la mtu, kama "Dear Mrs. ..." na jina lake la ukoo, malizia kwa "Yours sincerely". Ukituma kwa baruapepe, jaza sehemu ya kichwa kwa jina la kazi na namba yake ya kumbukumbu. Pia fungua anwani ya baruapepe yenye jina lako halisi. Ile ya utani uliyofungua shuleni waachie marafiki.

Kazi ya mtaani nayo ni kazi

Mkazi hunena, "Mimi sina uzoefu." Kumbe amefanya kazi miaka minne. Kinachomkosesha ni namna ya kuitaja kwa Kiingereza. Kanuni ni rahisi: anza na kitendo, kisha taja kiasi.

Ulizoa taka za nyumba kwa nyumba: "Collected waste from 60 households every week and kept the payment records."

Ulikuwa kondakta: "Collected fares and balanced the day's cash."

Uliuza mtumba: "Bought and sold second-hand clothes, and handled cash and M-Pesa payments."

Ulikuwa mweka hazina wa chama: "Recorded the weekly contributions of 25 members."

Ulifanya kazi ya mjengo: "Mixed mortar and laid blocks on a four-storey building."

Andika idadi ya kweli tu. Ukiandika nyumba 60 na zilikuwa 20, utaulizwa swali moja kwenye mahojiano na uongo utajitokeza.

3. MAKOSA YANAYOTOKANA NA KISWAHILI CHETU

Makosa mengi ya Kiingereza chetu hayatokani na ujinga. Yanatokana na kutafsiri kutoka lugha tunayoijua vizuri. Ukiona chanzo cha kosa, unaliacha haraka.

"Am" peke yake. Tusemapo kwa haraka, "I'm" husikika kama "am". Katika maandishi "I" haiachwi. Si "Am a driver". Ni "I am a driver".

"Can be able". Maneno haya mawili yana maana moja, kuweza. Chagua moja: "I can drive" au "I am able to drive".

"Tangu" na "kwa muda wa". "Tangu" ni "since", na hufuatwa na mwanzo wa jambo: "since 2022". "Kwa muda wa" ni "for", na hufuatwa na urefu wa muda: "for two years". Yote mawili, kama kazi bado inaendelea, hutaka "have": "I have worked there since 2022." Si "I work there since 2022".

Kazi iliyokwisha. Ukitaja mwaka uliopita, tumia kitenzi cha wakati uliopita bila "have": "I left in 2023." Si "I have left in 2023". Kiswahili hufanya jambo hilo hilo: twasema "niliacha mwaka 2023", hatusemi "nimeacha mwaka 2023" tukisimulia yaliyopita.

"Hadi" na "kufikia". "I will finish the report until Friday" si sahihi. Unataka kusema utakuwa umemaliza kufikia Ijumaa, hivyo ni "by Friday". "Until" ni kwa jambo linaloendelea mpaka wakati fulani: "The office is open until five."

Kuazima. Kiswahili kina neno moja kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kina mawili. Anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Si "borrow me a pen". Ni "lend me a pen", au "May I borrow your pen?"

Yeye. Kiswahili hakibagui mwanamke na mwanamume katika "yeye". Kiingereza hubagua. Ukimtaja msimamizi wako wa kike, shikilia "she" na "her" mpaka mwisho wa maelezo.

Maneno yasiyoongezwa "s". "Equipment", "information", "advice", "furniture" na "luggage" hubaki hivyo hivyo hata vikiwa vingi.

"Request for" na "discuss about". Ondoa kiambatisho: "I request leave", "We discussed the matter".

4. KWENYE MAHOJIANO

Swali la kwanza mara nyingi ni "Tell us about yourself." Si swali la kuhusu wazazi na ndugu zako. Jibu kwa sentensi tatu: wewe ni nani, umefanya kazi gani, na kwa nini unaitaka hii. Zifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mtu atakayekukatiza.

Usiposikia swali, usikisie. Sema, "Could you please repeat the question?" Usipojua jibu, sema, "I do not know that yet, but I am ready to learn." Hakuna aibu katika sentensi hizo.

Jihadhari sana na maswali yenye kukanusha. Kwa Kiswahili ukiulizwa, "Huna leseni ya kuendesha gari?" nawe huna, unajibu, "Ndiyo, sina." Unakubaliana na muulizaji. Kwa Kiingereza jibu hufuata ukweli wa jambo lenyewe. Ukiulizwa "You don't have a licence?" nawe huna, jibu ni "No, I don't." Ukisema "Yes" tu, unaweza kuandikwa kwamba unayo, na baadaye uonekane mwongo kwa kosa la lugha.

Jambo lingine ni adabu. "I want" ni kali mno kwa ofisi. Sema "I would like". Lakini usivuke mpaka upande wa pili kwa "I humbly beg". Unaomba kazi kwa sababu unaiweza. "Could you please" na "thank you" zinatosha.

5. MANENO YA MKATABA

Hapa ndipo lugha huwa suala la mkate na haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinaongeza jambo ambalo wakazi wengi hawalijui: mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeelewa lugha ya mkataba au masharti yake, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo hukosei ukisema: "I do not understand this part. Please explain it to me in Kiswahili before I sign." Kariri sentensi hiyo. Ni haki yako.

Haya ndiyo maneno ya kuyatafuta kabla ya kutia sahihi:

"Casual". Ni kibarua wa siku. Kwa sheria, ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, sheria humhesabu kuwa ameajiriwa kwa mwezi, na notisi ya mwezi humhusu. Mtu aliye kazini mwaka mzima na bado anaitwa "casual" ana sababu ya kuuliza.

"Probation". Ni muda wa majaribio. Haufai kuzidi miezi 6. Unaweza kurefushwa kwa hadi miezi 6 zaidi, lakini kwa kukubali kwako. Katika muda huo, notisi ya kuachana ni angalau siku 7, au malipo ya siku hizo.

"Notice". Ni taarifa ya mapema ya kuvunja mkataba. Anayelipwa kwa mwezi anastahili angalau siku 28 kwa maandishi. Nawe ukitaka kuondoka unadaiwa hivyo hivyo. Anayeacha kazi ghafla bila notisi anaweza kudaiwa malipo ya siku hizo.

"Gross pay" na "net pay". "Gross" ni mshahara kabla ya makato, na "net" ni unaoingia mfukoni. Tuseme "gross" ni shilingi 20,000. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 550. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 300. NSSF ni asilimia 6, yaani 1,200. "Net" yako ni 17,950, na ndiyo ya kupangia kodi ya nyumba.

"Gross misconduct". Hapa "gross" ina maana nyingine, yaani kosa kubwa. Ni kosa linaloweza kuleta "summary dismissal", kufukuzwa bila notisi ya kawaida. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua, na akusikilize kabla ya kuamua.

"Annual leave". Ni likizo ya mwaka yenye malipo. Kwa kila miezi 12 ya kazi mfululizo, isipungue siku 21 za kazi.

"Certificate of service". Ni cheti cha kuonyesha ulifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini. Ukiondoka baada ya kufanya kazi angalau wiki 4 mfululizo, mwajiri anapaswa kukupa. Usichanganye na "recommendation letter", barua ya kukusifu. Hiyo mwajiri halazimiki kuiandika. Ukiomba barua ya sifa ukanyimwa, bado dai cheti chako.

ZOEZI

Rekebisha sentensi hizi kwenye daftari kabla ya kuangalia majibu.

1. Am working there since January.
2. Please borrow me your stapler.
3. I have finished school in 2020.
4. I will bring the documents until Monday.
5. We received many informations about the job.
6. I can be able to start tomorrow.

Majibu: 1. I have been working there since January. 2. Please lend me your stapler. 3. I finished school in 2020. 4. I will bring the documents by Monday. 5. We received a lot of information about the job. 6. I can start tomorrow.

Ukipata nne au zaidi, endelea na kuandika barua yako. Ukipata chini ya nne, rudi kwenye sehemu ya 3 na ujaribu tena kesho.

KUENDELEA NA MASOMO

Huhitaji ada kuanza. Chukua tangazo moja la kazi kila wiki, katika gazeti la MyGov au kwenye ubao wa ofisi ya wadi, na uandike kwenye daftari kila neno usilolielewa. Tafuta maana yake, kisha litungie sentensi moja inayohusu maisha yako. Maktaba za Kaunti zilizo Kaloleni na Makadara, na ile ya Huduma za Maktaba za Taifa iliyo Buruburu, zina vitabu vya sarufi, kamusi na mahali pa kukaa.

Soma pamoja na mwenzako. Mmoja awe mwajiri, mwingine mwombaji, kisha mbadilishane. Na kama kuna mtu nyumbani aliyetia sahihi mkataba asiouelewa, mwombe mkae nao jioni moja na somo hili mkononi. Huenda akagundua kwamba ana siku za likizo ambazo hajawahi kuzichukua.